Mbao za mlango: kabla ya kuuliza bei, angalia weupe

Malalamiko ninayoletewa siku hizi ni ya milango tu. Mama mmoja wa Chake Chake kalipia fremu na mlango wa "msaji wa Burma" (msaji ndio mtiki), na masika hayajaisha anafagia unga wa mbao kila asubuhi. Msomaji wa Fuoni, yale yale. Ugumu wa mbao na nakshi siziongelei, hizo kila mtu anazijua. Ugomvi wangu ni weupe.

Weupe ni lile tabaka la nje ya gogo, baina ya gamba na moyo. Bungua, mdudu anayetoboa mbao, haupendi moyo. Weupe ndio chakula chake, kwa kuwa una wanga. Muuzaji anajua vizuri, ndiyo maana anaupaka rangi ya kahawia, kisha vanishi juu yake. Ukishapakwa, huuoni tena mpaka vitundu vitokeze.

Kwangu mimi wa kwanza ni mbambakofi, ule wanaouita mkongo huko Bara, na sioni haya kuupendelea. Weupe wake umeachana na moyo kwa mstari ulio wazi, fundi hawezi kusingizia kuwa hakuuona. Ukikauka sawasawa haupindi ovyo, hata kwa unyevu wetu huu. Unatoka kusini ya Tanzania na Msumbiji. Wachina walizoa magogo ya Msumbiji miaka na miaka, hata nchi ile ikapiga marufuku kuyatoa yakiwa mazima mwaka 2017. Novemba 2022 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ukaamua kuwa mbambakofi na mninga wa Afrika havivuki mpaka bila kibali. Kwa hiyo ukiambiwa "huu wa Msumbiji", omba kukiona hicho kibali.

Wa pili ni msaji wa Bara, wa Longuza kule Muheza, Mtibwa na Kilombero. Ni mti wa kupandwa na hukatwa ungali kijana, basi gogo lake lina weupe mwingi. Kata ya moyo ni nzuri sana, ndiyo maana Wahindi wanaugombania. Kata ya pembeni waachie wenyewe.

Na huo wa Burma? Sina neno na ubora wake. Lakini Myanmar, ndiyo hiyo Burma, ilifunga kuuza magogo nje tangu Aprili 2014, na baada ya mapinduzi ya 2021 Marekani na Umoja wa Ulaya wakaiwekea vikwazo kampuni ya serikali inayouza mbao hizo. Hebu niambieni, karakana ya uchochoroni inaupata wapi wa kujaza ukuta mzima?

Mvule nauweka wa tatu: weupe mpana, na ndani mara nyingine mna mawe ya chokaa yanayong'oa meno ya msumeno, gharama ambayo fundi atakutupia wewe. Mninga ni wa kitanda. Msonobari wa Sao Hill, kenchi za paa, basi.

Kinachoniudhi zaidi ni bei. Wanakutajia mlango mzima, ukiuliza kwa futi wanageuka viziwi. Bei ikipanda ni nauli ya jahazi. Nauli ikishuka, kimya. Na weupe unauziwa kwa bei ya moyo. Mimi nasimama pale pale fundi akipitisha randa, kabla kopo la vanishi halijafunguliwa, na salio silitoi mpaka nimegeuza kila ubao pande zote nne. Muuzaji akinuna, na anune.