Karura imeniweza pale jimu ilinishinda

Niliacha jimu mwezi wa pili, na tangu hapo natembea msitu wa Karura hapa Nairobi kila Jumamosi, nimekosa mara tatu tu, kwa hivyo wacha niwaambie vile naiona kama mahali pa mazoezi kwa mtu ambaye hatafuti kukonda.

Mimi presha ilinipata mwaka jana, 148 kwa 94, na babangu alipooza upande mmoja akiwa na miaka 56, sasa mnaelewa vile niliogopa. Nikajiunga na jimu moja huku kwetu upande wa Thika Road. Vyombo vizuri, maji ya moto yapo. Shida ilikuwa mizani. Kila Jumatatu mnapanga laini mnapimwa mbele ya wenzenu na kocha anasoma kilo kwa sauti, "Madam, wiki hii umeongeza nusu", na hiyo wiki mimi nimelala vizuri usiku wote na nimepanda ngazi za ofisi mpaka orofa ya tano bila kusimama kupumua, lakini hayo hakuna aliyeniuliza. Ukiambiwa umeongeza mara tatu mfululizo unaanza kuona mwili umekukataa, Jumatano unasema umechoka, Ijumaa unasema mvua, mwezi unaisha na pesa umelipa.

Daktari wa kliniki ndiye alinitoa huko. Akaniambia, "Mama, wewe niletee presha, mambo ya kilo achana nayo." Akanieleza kwamba musuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwa damu hata kama uzito haujasonga, na kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, ule mwendo unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Nikapiga hesabu. Jumamosi dakika 90 Karura, halafu jioni tatu nikitoka kazini nashuka matatu Garden City badala ya kituo changu cha Roysambu, kila jioni dakika 20 za kutembea. Imetosha!

Sasa Karura yenyewe. Naingilia geti la Kiambu Road, unalipa kwa simu, fika mapema kwa sababu saa tatu watu wamejaa. Njia ni udongo mwekundu chini ya miti mirefu, magoti yangu yanashukuru sana ukilinganisha na lami, na kila njia panda ina nambari yake kwa hivyo hata ukiwa peke yako hupotei. Mimi lengo langu huwa maporomoko ya maji, na siku nikiwa na nguvu naongeza mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Kima wako wengi, usitoe ndizi ovyo. Chupa ya plastiki usibebe, ilikatazwa tangu 2020, nunua ya chuma.

Na kuna jambo lingine linanitoa kitandani, sijui kama wengine hulisikia. Mwaka wa 1999 Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, na wenzake walipigwa hapo wakienda kupanda miti, wakati msitu ulikuwa unakatwa vipande wagawiwe watu wajenge. Mama Wangari alimwaga damu yake pale. Mimi nikipita chini ya hiyo miti nahisi ni vibaya kulala Jumamosi nzima na mahali pako pa kutembea palitetewa hivyo.

Ubaya? Mwezi wa nne matope ni mengi, raba za kawaida zinateleza, tafuta zenye meno. Na kama unatoka mbali kama mimi, nauli ni ya matatu mbili kwenda na mbili kurudi, ndiyo maana nasema mara moja kwa wiki halafu siku zingine tembea mtaani kwenu.

Kilo nimepunguza moja tu kwa miezi saba yote. Presha wiki jana ilisoma 131 kwa 83, dawa bado nameza ileile na daktari amesema nisiache, lakini hajaniongezea kama alivyokuwa amepanga. Usingizi unakuja kabla ya saa nne. Juzi nilibeba mtungi wa gesi kutoka dukani mpaka nyumbani, orofa ya tatu, mwenyewe.

Nyota nne na nusu, hiyo nusu nimetoa kwa sababu ya matope. Jumamosi niko geti la Kiambu Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kuna mwenye presha anaogopa kuanza peke yake aje twende, mwendo wangu ni wa polepole.