Halua, nusu ya Panadol na yule dada wa mapokezi

Naandika nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie. Nimempeleka paka wangu Halua kufungwa kizazi kwenye kliniki moja ya mifugo hapa Dar. Jina la kliniki silitaji, na bei sitaitaja pia kwa sababu naona kila mteja anaambiwa ya kwake. Mwenye kliniki sina ugomvi naye. Ninayemgomba ni mtu mmoja tu, naye anakaa mapokezi.

Asubuhi nilimpeleka akiwa hajala kitu tangu usiku, kama walivyoagiza. Hilo waliagiza vizuri kabisa, sambamba na hela kutangulia. Jioni nikapigiwa simu nikamchukue. Dada wa mapokezi akanisukumia boksi juu ya kaunta, boksi lile lile la sabuni nililomletea, simu yake ikiwa imebanwa kati ya bega na sikio. "Tayari, ameamka." Ameamka! Nachungulia ndani, paka amelala ubavu, macho yamekodoka hayapepesi, ncha ya ulimi iko nje. Nimemshika masikio, ya baridi kama kamba wa sokoni. Nikauliza, "Dada, nikifika nyumbani nimfanyeje?" Akanijibu bila kuniangalia, "Mpe chakula tu. Ni paka huyo."

Basi. Sikupewa karatasi ya maelekezo, wala kola ya kumzuia asijilambe, wala dawa ya maumivu ya kwenda nayo. Nimetoka pale nimekumbatia boksi kwenye bajaji, kila shimo la barabarani naomba dua.

Nyumbani nikamlaza sakafuni juu ya kanga. Akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikaenda upande mwingine kama mlevi anayetafuta mlango wa choo, akaangukia pua. Mwanangu akaanza kulia. Mimi nami, kwa kumtii yule dada, nikamletea dagaa. Halua akawaangalia kama vile hajawahi kuona dagaa maishani mwake, na namshukuru Mungu hakula, maana baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba paka ambaye dawa ya usingizi haijamtoka anaweza kutapika akapaliwa. Kwanza unasubiri akishike kichwa chake vizuri, unampa maji kidogo, halafu ndiyo chakula, tena kidogo.

Usiku akaanza kulia. Si ule mlio wake wa kutaka mlango ufunguliwe. Mlio mwembamba, wa chini, unakatika unaanza tena. Nikapiga ile namba ya dharura waliyoibandika ukutani. Nani akapokea? Huyo huyo. Nikamweleza paka analia, nadhani anaumwa mshono. Akapiga miayo, namsikia kabisa, akasema, "Kama anaumwa mpe Panadol, nusu inamtosha. Ni paka tu dada, usijisumbue." Akakata.

Sasa hapa ndipo naomba kila mwenye paka asome polepole. Nilikitafuta kidonge. Nikakikata katikati kwa kisu cha mkate, nikasaga kipande kimoja kwa mgongo wa kijiko, nikachanganya na supu ya samaki. Nimeshamshika Halua shingoni, bakuli liko mkononi, simu ikaita. Mdogo wangu, anasoma tiba ya mifugo SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, nilikuwa nimemtumia picha ya mshono tangu jioni. Nikamwambia subiri kidogo, nampa mgonjwa Panadol.

Hajawahi kunipigia kelele yule mtoto. Siku hiyo alinipigia. "Dada, mwaga! Mwaga sasa hivi!"

Akanieleza, na mikono inanitetemeka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli, ndiyo dawa yenyewe iliyomo kwenye Panadol, kama letu. Inageuka sumu, inaharibu damu yenyewe mpaka damu inashindwa kubeba hewa. Fizi zinakuwa kama matope, uso na miguu vinavimba, paka anahema kwa shida. Nusu tu ya kidonge cha kawaida inatosha kumuua. Na dawa zetu nyingine za maumivu, diklofenaki na wenzake, nazo usimguse nazo. Zipo dawa za paka zenye kipimo cha paka, daktari ndiye anatoa. Yaani mtu anayekaa chini ya bango la daktari wa mifugo alikuwa ananielekeza kuua paka, tena huku anapiga miayo.

Yaliyobaki yote nimeelekezwa na yule mdogo wangu mwanafunzi kwa simu, wala si kwa hela niliyolipa. Macho kukodoka ni ile dawa ya usingizi tu, yatarudi. Baridi ndiyo hatari: nikajaza chupa maji ya uvuguvugu, nikaifunga kitenge, nikaiweka mgongoni kwake. Mchanga wa choo nikautoa, maana unaganda kwenye kidonda, nikamwekea magazeti niliyoyachana. Asiruke siku kumi na kitu. Huyu ambaye makazi yake ni juu ya friji! Nikamfungia stoo na ndoo za mchele, akanitukana kwa lugha yao kila asubuhi.

Kola nayo? Siku ya pili nimekuta ameshaanza kulamba, uzi mmoja umelegea. Nikachukua mkono wa sweta ya shule ya mwanangu iliyombana, nikatoboa matundu manne ya miguu, nikamvisha. Akasimama katikati ya chumba hajongei, amekasirika, kama mzee aliyelazimishwa kuvaa sare ya harusi. Lakini kulamba kulikoma. Asubuhi na jioni namvua, naangalia mshono: wekundu kidogo sawa, uvimbe unaoongezeka au usaha au harufu, kimbia kwa daktari.

Nilikimbia, kwa ajili ya ule uzi. Na hapa hasira yangu inanisaliti kidogo, kwa sababu daktari mwenyewe ni mtu mzuri. Alimpokea Halua kwa mikono miwili, akamwongelesha, akaniambia, "Pole sana mama, hii sweta umebuni vizuri kuliko kola zetu." Akamchoma sindano ya maumivu, uzi akaurekebisha, hakuchukua hata shilingi. Na mshono wake, lazima niseme ukweli, ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba, umenyooka utadhani umepigwa rula. Nilipomsimulia habari ya Panadol alivua miwani, akakaa kimya, akasema ataongea na vijana wake. Nikatoka pale nimeshasamehe. Nilikuwa hata nimepanga kuandika maoni mazuri.

Siku ya kutoa nyuzi nikarudi. Ile nusu nyingine ya kidonge nilikuwa nimeitunza kwenye kiberiti, sijui kwa nini, labda kwa siku hiyo. Mbele yangu kwenye foleni mzee mmoja wa kanzu anakabidhiwa paka wake ndani ya kikapu, paka macho makavu, ulimi nje. Mzee anauliza, "Binti yangu, akilia usiku je?" Na yule dada, simu begani: "Mpe Panadol, babu."

Nilimvuta yule mzee pembeni kwenye benchi nikamweleza yote, akanisikiliza mkono uko kifuani, "Astaghfirullah, binti yangu, na ninazo mfukoni." Kisha nikaenda kaunta, nikafungua kiberiti, nikaiweka ile nusu mbele ya yule dada. Sikusema kitu, nilitaka aione tu.

Akaitazama, akanitazama, akaonyesha kwa kidevu upande wa mlango. "Kama kichwa kinakuuma, maji ya kunywa yapo pale."

Kwa hiyo msiende. Au nendeni, lakini muulizeni daktari mwenyewe kila kitu kabla hamjashika boksi, na ile namba ya dharura msiipige hata kama nyumba inaungua. Mimi sijui. Mtoto wa Halua, Kashata, ana miezi mitano na juzi ameanza kulia usiku kwa mlio ule wa kutafuta mume, madume matatu yako juu ya ukuta wangu hivi ninavyoandika, na mikono ya kushona namna ile sijaiona kwingine.