Kamusi ya picha kwa wanaosoma majina ya Kinahuatl: Visual Lexicon of Aztec Hieroglyphs

Kwa majina ya watu yaliyoandikwa kwa michoro katika hati za Kinahuatl (lugha ya Waazteki) za Meksiko za karne ya 16, hii ndiyo kamusi ya kuanza nayo. Iko mtandaoni bure, chini ya Chuo Kikuu cha Oregon, na mhariri wake ni Stephanie Wood. Hazina yake kubwa ni Matrícula de Huexotzinco, sensa ya mji wa Huexotzinco ya mwaka 1560 yenye maelfu ya majina ya watu wa kawaida. Codex Mendoza, hati ya picha ya karne hiyohiyo, inatupa wafalme wa Waazteki. Matrícula inatupa maseremala na wakulima.

Kichwa cha kila ukurasa hutaja neno, hati na karatasi: Mdz ni Codex Mendoza, MH ni Matrícula, r ni upande wa mbele wa karatasi na v wa nyuma. Tazama mchoro kwanza, utaje vitu unavyoviona, kisha ndipo usome jina lililoandikwa kwa herufi za Kilatini. Ukianza na herufi, jicho litaona kile lilichokwisha kuambiwa. Jina la mfalme Axayacatl ni uso (xayacatl) wenye maji (atl), na la mfalme Acamapichtli ni mkono ulioshika matete. Hapo kila kitu kinaonekana. Motecuhzoma je? Amechorewa taji la utawala tu, linalosomeka tecuh (bwana). Sehemu iliyobaki msomaji wa zamani aliijua mwenyewe.

Wengi hukwama kwenye tahajia. Waandishi wa wakati huo waliandika quauh, leo wengi huandika cuauh, basi tafuta kwa namna zote mbili. Tena mzizi huo ni wa tai (cuauhtli) na pia wa mti (cuahuitl), kwa hiyo mchoro wa mti peke yake hauthibitishi maana. Jina la mfalme Itzcoatl huchorwa nyoka mwenye vipande vya obsidiani (jiwe jeusi la kioo la volkano). Kwingine huandikwa kwa sauti: obsidiani (itz), chungu (co, kutoka comitl) na maji (a). Anayetafuta nyoka pale hatampata.

Rangi nazo zisikupoteze. Maji ya Mendoza ni ya buluu, ilhali michoro ya Matrícula kwa sehemu kubwa ni mistari ya wino mweusi. Huko maji yatambue kwa mikondo yake inayoishia kwa matone na makombe ya konokono.

Maelezo ni ya Kiingereza, na maneno yameunganishwa na kamusi ya Kinahuatl ya chuo hichohicho. Fungua zote mbili kwa pamoja.