Programu ya msamiati wa jiografia niliyoilipia mwaka mzima: leo nasema yangu

Jamani naandika nikiwa bado na hasira, na hapa nimeshasubiri siku kadhaa ili nisije nikamtukana mtu. Nafundisha Kiingereza kwa vijana wa miaka 13 mpaka 16 hivi, Kiingereza kwao lugha ya pili, wengine hata ya tatu, na muhula huu tukakubaliana na mwenzangu wa jiografia kwamba mimi niwashike kwenye maneno yeye awashike kwenye ramani, maana watoto walikuwa wanafeli jiografia huku mto wanaujua, mlima wanaujua, wanachoshindwa ni kuelewa swali linauliza nini. Ndiyo nikailipia hii programu, ile ya kurusha kwenye skrini darasa zima linajibu pamoja. Jina silitaji. Mambo ya bei na inaingia kwenye simu gani mtajionea kwenye ukurasa wao, mimi nina jambo moja tu lililonichoma.

Ilikuwa kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko, wiki ya tatu au ya nne tangu tuanze, sikumbuki vizuri. Tulikuwa kwenye kwizi ya pwani: bay, gulf, strait (yaani mlango wa bahari), cape, peninsula. Haya ndiyo maneno yanayowatesa kuliko yote, na sababu iko wazi kabisa kwa anayewaza kwa Kiswahili. Sisi ghuba inabeba bay na gulf zote mbili. Rasi inabeba cape na peninsula: Rasi ya Tumaini Jema ni ncha ya nchi kavu iliyochomoza baharini, Rasi ya Uarabuni ina nchi kadhaa ndani yake, na zote tunaita rasi tunaelewana vizuri tu. Sasa mtoto anafika kwenye Kiingereza anakuta neno lake moja limepasuliwa mawili na hakuna aliyemwambia limepasuliwa wapi.

Kuna binti mmoja anakaa pale dirishani, haongei. Tangu mwaka uanze sauti yake labda nimeisikia mara tatu. Basi ikaja ramani, majina yote yamefutwa, mshale unaonyesha yale maji makubwa yaliyo kati ya India na Myanmar, chagua bay au gulf. Darasa zima linapiga kelele gulf, gulf, yeye akanyoosha mkono. Akasimama kabisa, akasema, "It is a bay." Sentensi nzima! Na hiyo "a" imo ndani, hiyo "a" ambayo nimeipigania miezi na miezi kwa sababu lugha yetu haina kitu kama hicho. Nikabofya bay.

Skrini ikageuka nyekundu, ikapiga ule mlio wake wa kukosea, ikaandika jibu sahihi ni gulf kwa sababu gulf ni kubwa na bay ni ndogo. Darasa likacheka. Binti akakaa.

Halafu nikamwona anavuta atlasi ya darasa, ile ambayo jalada lilishatoka siku nyingi, akafunua mpaka Asia, akaweka ukucha juu ya yale maandishi yaliyotawanywa kwenye bluu, herufi moja hapa nyingine kule: BAY OF BENGAL. Hakuniita wala hakumwonyesha mtu, alikuwa anajihakikishia mwenyewe. Nikaenda nikaichukua ile atlasi nikaiinua juu nikawaambia wote yuko sahihi yeye, mashine ndiyo imekosea, tazameni hapa. Wakatazama. Lakini kicheko kikishatoka kwa vijana wa umri ule unakirudisha vipi? Kipindi kilichofuata hakunyoosha mkono, na kilichofuata hicho pia.

Na kosa lenyewe si dogo, ndiyo maana nawaka. Hiyo Ghuba ya Bengal ndiyo bay kubwa kuliko zote duniani, ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2. Ghuba ya Uajemi ambayo Waingereza wanaiita gulf ina kama 250,000 tu. Hudson Bay kule Kanada nayo inapita kilomita za mraba milioni moja. Halafu nenda kaangalie Ghuba ya Aqaba, inaitwa gulf na upana wake haufiki hata kilomita 30. Yaani ile kanuni ya kubwa na ndogo inasaidia kidogo kwa kuanzia, mimi mwenyewe huwa naigusa, lakini majina haya yalibandikwa na mabaharia na wachora ramani kwa nyakati tofauti, hakuna aliyekuwa anapima kwanza. Mwanafunzi anatakiwa aambiwe hivyo wazi: neno lina maana yake ya jumla, na jina la mahali linakaririwa jinsi lilivyo. Basi. Dakika mbili zinatosha.

Tena wanalijua hili! Ndani ya programu hiyohiyo, sehemu ya maziwa, kuna maelezo mazuri kabisa kwamba Caspian inaitwa Sea na imezungukwa na nchi kavu pande zote, na Dead Sea hivyohivyo, jina linasema bahari na maji yenyewe ni ziwa. Kwa hiyo aliyeandika upande wa maziwa anaelewa, aliyeandika upande wa pwani hakuongea na mwenzake.

Usiku uleule nikawaandikia kastama kea. Kwa adabu, na picha ya atlasi nikaambatisha. Wakajibu kwamba maswali yote yamepitiwa na wataalamu na wanashauri walimu wapitie majibu kabla ya kuingia darasani. Nikaandika tena, nikaeleza taratibu, nikataja jina la mahali. Jibu la pili ndilo lililonimaliza: kama wanafunzi wangu wanapata ugumu huenda kiwango hiki kimewazidi, nijaribu kuwashusha kiwango cha chini. Kimewazidi? Mtoto wa watu amesoma ramani akajibu sahihi, kwa lugha ambayo si yake, mbele ya wenzake arobaini wanaopiga kelele jibu jingine, mnaniambia nimshushe? Nilifunga laptopu nikatoka nje kwanza.

Kwa hiyo nilikaa hapa niandike msinunue, kwisha. Lakini ningekuwa nawadanganya, maana sehemu ya mito sijaona mfano wake popote. Unafuata mto kutoka chanzo, tributary inaingia, yaani mto mdogo unaomwaga maji kwenye mkubwa, mto unajipinda wanakuambia meander, mpaka delta, na pale wanaeleza kwamba jina limetokana na herufi ya Kigiriki yenye umbo la pembetatu, unaiona Nile inavyojitawanya kabla ya kufika baharini, watoto wakanyamaza wote wanatazama. Halafu maneno ya mtego wameyaweka vizuri. River bank, mtoto anajua bank ni pa kuweka pesa. River bed, anajua bed ni pa kulala. Wamechora maana mbili pembeni kwa pembeni na sauti juu yake, na siku ileile kijana mmoja akanieleza kwa maneno yake mwenyewe kwamba mto umelala kwenye bed yake na sisi tunasimama kwenye bank. Hiyo haiwezi kumtoka tena.

Na matamshi pia. Desert na dessert, mkazo unahama tu kutoka mwanzo kwenda mwisho na jangwa limekuwa kitu kitamu cha baada ya chakula, wanakusikilizisha mpaka sikio linakamata. Island ile s hawaitamki. Zoezi la "the" ndiyo usiseme, the Nile, the Alps, the Sahara, ila Lake Victoria na Mount Kilimanjaro hazitaki the, nimefundisha hilo kwa ubao miaka na halikai, kwa lile zoezi limekaa kwa wiki moja. Kwa upande huo nawapa maksi zote.

Ila nikifika hapo kwenye kusifia namkumbuka yule binti ameinamia atlasi, naghairi. Kitu kizuri kiasi hicho kinakataaje kurekebisha neno moja? Nimechungulia tena juzi, swali lipo vilevile, mlio uleule, nyekundu ileile. Kuna mwalimu mahali fulani leo amelibofya na hakuwa na atlasi.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa sasa, na huenda nikaubadilisha wakinijibu kama watu: kama shida yako ni mito, matamshi na hiyo "the", lipia, utafurahi. Kama unafundisha pwani usiiguse, au ukiigusa zima sauti ya kukosea na uwe na ramani mkononi. Na kama una darasa lenye mtoto anayehitaji miezi sita kujikusanya ndipo aseme sentensi moja... hapana, kwa darasa hilo sijui kama ningeilipia tena hata kwa hiyo mito.

Nimelipia mpaka mwisho wa mwaka kwa hiyo mito tunaendelea nayo. Pwani tumerudi kwenye atlasi. Mmoja anasoma neno kwa sauti, mwingine anatafuta mahali, wanabadilishana. Wiki hii tulikuwa kwenye strait, wote wanaandika straight kwa sababu zinatamkwa sawa, na mwenye kushika atlasi alikuwa yeye. Akatafuta Gibraltar, pale Afrika na Ulaya zinapokaribiana kama kilomita 14, akaweka ukucha, akamgeuzia jirani yake kitabu. "Ticha," akasema, taratibu, "hapa haina gh."