Picha ya 36: miezi minne na skana ya Epson V600

Baba alifariki mwaka jana. Kilichonifanya ninunue skana ni kopo la biskuti. Tulikuwa tunatoa vitu vyake chumbani, Temeke, mdogo wangu akalishusha kutoka juu ya kabati, alipolifungua tu tukapigwa na harufu ya siki. Ndani kulikuwa na filamu zimekatwa vipande vya picha sita sita, kila mkanda umefungwa kwenye karatasi ya daftari iliyoandikwa tarehe. Albamu zake tumekua nazo. Hilo kopo hakuna aliyewahi kuliona likifunguliwa.

Harufu hiyo usiipuuze. Filamu za zamani za asetati, aina ya plastiki, zikikaa kwenye joto na unyevu huoza zenyewe, na asidi inayotoka huchochea na zile za jirani zioze. Dar joto na unyevu tunavyo mwaka mzima. Vinavyonuka vitenge, na usivifungie tena kwenye kopo.

Kwanza nilipeleka mzigo wote dukani, Kariakoo. Baada ya siku tatu nikapewa flashi. Picha za albamu waliziskani kweli, lakini walikata kingo zote nyeupe na migongo hawakuigusa kabisa. Marehemu baba alikuwa anaandika nyuma ya kila picha kwa penseli: mwaka, mahali, nani kasimama na nani. Bila huo mgongo, nusu ya watu mle ndani mimi siwajui. Filamu nazo walinirudishia hivyo hivyo: "Hizi kaka siku hizi hazisafishwi." Niliumia sana, maana nilijua hazihitaji kusafishwa. Zilishasafishwa zamani, zinahitaji kusomwa tu.

Skana ya kawaida ya ofisini humulika kutoka chini na kusoma mwanga unaorudi. Filamu inataka mwanga upite katikati yake, kwa hiyo unatafuta skana yenye taa kwenye kifuniko. Nikapata Epson Perfection V600 iliyotumika, kwa laki sita na nusu. Inachukua picha 12 za filamu ya milimita 35 kwa mkupuo mmoja, au slaidi 4, na filamu pana za kamera za zamani inazisoma pia. Taa yake haisubiri kupata moto: ukiwasha, unaanza. Umeme ulipokuwa ukikatika na kurudi, hilo lilinisaidia sana.

Kwenye karatasi ya maelezo imeandikwa dpi 6400, yaani nukta kwa kila inchi. Mimi nimetulia kwenye 2400, inayonipa kama pikseli 3,400 kwa 2,270 kwa kila picha. Nikipandisha zaidi, faili linavimba na sura za watu hazinipi kitu kipya. Ukiwa na picha nyingi, dakika unazookoa hapo ndizo zitakazokufikisha mwisho.

Jambo moja lilinitesa wiki nzima ya kwanza. Skana hii ina kitu kinaitwa Digital ICE, cha kufuta vumbi na mikwaruzo. Kinatumia mwanga wa infraredi, ambao hupita kwenye filamu ya rangi na kugota kwenye vumbi. Lakini picha ya filamu nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za fedha, nazo zinauzuia mwanga huo vilevile. Mashine inaiona picha yenyewe kama uchafu. Shangazi yangu, akiwa msichana, alitoka uso umeyeyuka kama mshumaa. Kwa nyeusi na nyeupe kizime kabisa, futa vumbi kwa pampu ya hewa na brashi laini. Kwa mikanda ya rangi ya miaka ya 90 kiwashe, utashangaa. Na filamu iliyoota ukungu usiioshe kwa maji, picha inaweza kuondoka na ukungu.

Filamu zilizojikunja nilizilaza chini ya vitabu vizito siku kadhaa, ndipo zikakaa sawa kwenye fremu ya skana.

Baba alikuwa karani, na kamera yake ya Kirusi, Zenit-E, haili betri. Kipimo chake cha mwanga kinajiendesha kwa mwanga wenyewe. Ndiyo maana hakuacha kupiga hata bidhaa zilipoadimika madukani. Nimeliona soko la Kariakoo kabla halijafunguliwa mwaka 1975, ile miamvuli ya zege imezungukwa na mirunda. Nimeona basi la Ikarus, kumbakumba la UDA, shirika la usafiri la Dar, limejaa hadi mlangoni. Nilikaa na ile picha ya soko muda mrefu, nikikumbuka moto uliolichoma Julai 2021.

Lakini kilichonishika ni namba ndogo zilizochapwa pembezoni mwa filamu. Albamu hazina mpangilio, filamu inao. Nilianza kuinua kila mkanda dirishani kabla ya kuuskani, nikaona kitu kinajirudia. Harusi, harusi, jirani na baiskeli, mtoto wa jirani, halafu namba 36, ya mwisho kwenye mkanda, mara nyingine hadi 37: mama. Mama anachambua mchele. Mama anakaza kanga kichwani. Mama mlangoni, mkono kwenye fremu ya mlango. Kati ya mikanda 22, 14 inaishia kwake.

Mkanda ulikuwa haupelekwi kusafishwa mpaka uishe, na kusafisha picha ilikuwa hela. Zilizotoka kwenye karatasi ni zile walizolipia watu. Hizi za mwisho hakuzitoa hata moja. Alizimalizia nyumbani, akazikunja, akaziweka.

Nilimwita mama akae karibu na laptopu. Alivaa miwani, akaangalia ya kwanza kimya. Ya pili akasema, "Huyu alikuwa ananiambia anajaribu kamera." Ya nne akaomba tupumzike kidogo. Ndipo akaanza kutaja: nani alikuwa mpangaji chumba cha mbele, ile kanga alipewa na nani. Nikawasha kurekodi kwenye simu. Ukifanya kazi hii, usiifanye peke yako usiku kama nilivyoanza mimi. Mkalishe mzee wako pembeni angali anakumbuka.

Naweka nakala mbili, moja kwenye eksteno, diski ya nje, kwangu, nyingine kwa mdogo wangu Mbagala. Skana naipa nyota tano, na siiuzi.

Ile ya mlangoni nimeitoa kwenye karatasi, kubwa, na kingo zake nyeupe zote. Niligeuza mgongo, nikachukua penseli, nikamuuliza mama niandike nini. Akafikiri. "Andika Temeke, 1979. Andika nilikuwa namwambia aingie ndani, chakula kinapoa."