Tahadhari: Injini Unayowashiwa Yadi Siyo Utakayopakiliwa

Ndugu zangu, injini ya gari langu, Toyota Allion, iliharibika ikahitaji nyingine; mliokuwa nami mlima Kitonga mnajua ilivyokuwa, hivyo sitarudia. Ninaandika kuhusu muuzaji wa injini za mtumba pale Gerezani, Dar es Salaam, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa suala liko polisi, lakini ambaye amenitapeli mchana kweupe, mbele ya mdogo wangu na mbele ya fundi wangu.

Injini aliyotuonyesha, 1NZ-FE ya cc 1,497 kama ile iliyotoka, ilikuwa imeegemezwa juu ya tairi kuukuu, betri pembeni, pampu ya mafuta imetumbukizwa kwenye kidumu cha petroli. Kijana wake akagusanisha nyaya mbili, ikawaka mara moja. Muuzaji akaweka glasi ya maji juu ya kifuniko cha vali, akasema, "Mzee wangu, shuhudia mwenyewe," na kweli maji yalitulia. Akafungua kifuniko cha oili tuone kama inatoa moshi, haukuwepo. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifutia kwenye kiganja changu, oili ikawa safi, ya rangi ya asali. Kisha akatuita ofisini kulipa, akatuagizia soda, akaandika risiti kwa mkono, taratibu, huku akiniuliza habari za nyumbani kwa adabu zote. Tulipotoka, injini ilikuwa tayari juu ya kirikuu, imefunikwa turubai na kukazwa kamba, na dereva anapiga honi kwamba anazuia njia.

Nani asingeamini? Niliisikia ikiunguruma, niliigusa ikiwa ya moto, fundi wangu aliikubali, na aliyetuelekeza pale ni jirani yangu ambaye injini yake aliyoinunua hapo hapo inatembea hadi leo. Hata muuzaji aliposema kwamba injini ile haiendani na kontroboksi langu, yaani kompyuta inayoendesha injini, kwamba nichukue la kwake kwa laki 3 za ziada na nimwachie injini mbovu pamoja na boksi langu ili anipunguzie bei, alizungumza kama mtu anayeijua kazi yake.

Injini ilipofungwa, gari likawa linapigwa stata, linashika kwa sekunde moja, linazima. Kila nilipompigia simu alikuwa na jibu: kwanza betri, kisha plagi, kisha pampu ya mafuta, na mimi nikawa nanunua. Baadaye akasema atamtuma mtu wake wa umeme, kwa malipo mengine. Nilikataa, nikamwita fundi umeme wa Tabata, mtu asiye na maneno mengi. Akakagua waya wa eethi kati ya bloku, yaani mwili wa injini, na bodi, akapima presha ya mafuta, akaangalia cheche kwenye koili. Vyote vilikuwa sawa. Ndipo akaonyesha kitaa chekundu cha ulinzi dhidi ya wizi kwenye dashibodi, ambacho kiliendelea kupepesa hata baada ya ufunguo kuwashwa. Boksi lile la muuzaji lilitoka kwenye gari lingine, halitambui ufunguo wangu, kwa hiyo linaruhusu injini ishike kisha linakata mafuta. Boksi langu halisi, lililosajiliwa na ufunguo wangu, ndilo lililobaki kwake.

Fundi akaazima boksi la Allion nyingine isiyo na ulinzi huo. Gari likawaka, na hapo ndipo nilipotamani lisingewaka, kwa sababu injini iligonga kwa chini na kujaza gereji moshi wa bluu. Tukafuta vumbi kwenye bloku tusome namba: siyo iliyoandikwa kwenye risiti. Ile iliyobeba glasi ya maji ilibaki yadi, na naamini wiki hii kuna mwingine anaonyeshwa. Tena siwezi hata kwenda TRA kubadilisha namba ya injini kwenye kadi, maana risiti inataja injini nisiyokuwa nayo.

Mtu huyu anastahili kufikishwa mahakamani, si kuombwa arudishe fedha kimyakimya. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakitambua kitendo cha kujipatia mali kwa udanganyifu kuwa kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7; mimi ningefurahi aitumikie yote, na kijana wa nyaya mbili awe shahidi wa kwanza. Yadi ifungwe, na injini zake zote zikaguliwe namba moja baada ya nyingine.

Wanaokwenda kununua, pigeni picha ya namba ya bloku injini ikiwa bado inaunguruma, na mmoja wenu asiondoke pembeni yake mpaka ipakiwe. Boksi lenu msimwachie mtu. Kuandika risiti kwa mkono badala ya kutoa ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, nako kulitosha kuwa dalili. Na yeyote mwenye risiti ya mkono kutoka yadi hiyo, yenye namba isiyolingana na bloku yake, aniandikie faragha ili twende kituoni pamoja, kwa sababu mpelelezi ameniambia malalamiko zaidi ya moja yataliongezea jalada nguvu.