Kipindi cha wagombea katika redio ya Malindi: maswali mazito kwa wanaume, mzaha kwa wanawake

Huduma ninayoitathmini hapa ni kipindi cha mahojiano ya wanaotaka viti katika uchaguzi wa Agosti 2027, kinachorushwa asubuhi za siku za kazi na redio moja ya FM inayosikika Malindi mjini, Watamu, Mambrui mpaka Gongoni. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza haiko kwake peke yake, ingawa kwake inaudhi zaidi kwa sababu katika mambo mengine kipindi hiki ni kizuri kweli.

Uzuri wake uko kwenye maandalizi. Mgombea ubunge anapoketi mbele ya kipaza sauti, mtangazaji huwa amekwisha kusoma, na haachi jibu la juu juu lipite. Anauliza ni kwa nini mifereji ya Malindi hukauka ilhali mitambo ya Baricho, iliyo ndani ya kaunti hii hii ya Kilifi, inasukuma maji ya mto Sabaki mpaka Mombasa. Anauliza basari za hazina ya maendeleo ya eneo bunge hutolewa kwa vigezo gani, na maskwota wa Magarini wameahidiwa hatimiliki mara ngapi bila kuzipata. Nimemsikia akimrudisha mgombea mmoja kwenye swali lile lile hadi bwana yule akakiri kwamba hana jibu. Mpiga kura anayesikiliza akiwa ndani ya tuktuk au kwenye maskani hushuka akiwa amepata kitu.

Sasa msikilize mtangazaji huyo huyo anapomhoji mwanamke. Kwanza atamkaribisha kwa kumsifu sura na mavazi, kisha atamuuliza kama mume ameridhia, watoto wanabaki na nani mikutano inapokwenda hadi usiku, na kama kweli bado anaingia jikoni. Mahojiano yaliyonisukuma kuandika haya yalikuwa ya mama anayetaka kiti cha mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Chombo kikubwa cha kazi ya kiti hicho ni hazina ya serikali kuu ya kuwainua wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma, iliyoundwa mwaka 2015. Mama yule aliitaja mwenyewe, akaanza kueleza jinsi vikundi vinavyoomba fedha hizo, na mtangazaji akamkatiza kwa tangazo la duka la samani. Waliporejea hewani, mazungumzo yakawa ya mitandio. Mwanamume anayetaka useneta, aliyehojiwa katika juma hilo hilo, hakuulizwa lolote kuhusu mkewe, wala kanzu yake haikutajwa.

Ni kawaida kusema kwamba maswali ya namna hiyo humdhulumu mgombea, na ni kweli. Lakini yanamkinga pia, na hilo halisemwi vya kutosha. Mgombea asiyejua kazi anayoiomba anaweza kumaliza saa nzima akicheka na kusimulia alivyoolewa, akatoka studioni bila kuguswa, wakati mwenzake aliyejiandaa ananyimwa nafasi ya kuonyesha kwamba amejiandaa. Sisi wasikilizaji hatuwezi kuwatofautisha wawili hao, na kuwatofautisha ndiyo kazi tuliyodhani kipindi kinatufanyia.

Lipo pia swali ambalo mtangazaji hulileta karibu kila mara, kama pilipili kwenye chakula cha kila mtu: je, watu wa hapa wako tayari kuongozwa na mwanamke? Ni swali la kushangaza kuulizwa Malindi. Eneo bunge hili lilimchagua Aisha Jumwa mwaka 2017, na mwaka 2022 likamchagua Amina Mnyazi. Mwaka huo huo Lamu Mashariki ilimpeleka bungeni Ruweida Obo, na Kwale ikampa ugavana Fatuma Achani. Wapiga kura wamekwisha kujibu. Anayewapenda viongozi hao na asiyewapenda wote wana haki ya kusikia utendaji wao ukichambuliwa, na hilo haliwezekani ikiwa kila mahojiano yanarudi kwenye suala la kama walistahili hata kugombea.

Sehemu mbaya kuliko zote ni ya simu na ujumbe mfupi. Humo husomwa hewani maneno ya kumdokezea mgombea mwenendo mbaya, na kicheko cha studio hufuata. Redio ikijitetea kwamba hiyo ni sauti ya wananchi, sitakubali. Mtu akipiga simu kutukana kabila la mgombea, laini hukatwa kabla hajamaliza sentensi, kwa kuwa Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 inatisha kwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu. Kitufe cha kukata wanacho na wanajua kukitumia. Tena kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinataka wanawake na wanaume watendewe sawa wanapokuwa wahusika au vyanzo vya habari, na Baraza hilo lina tume inayosikiliza malalamiko.

Niseme haki yao: muda wanautoa. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2020 ulikuta kwamba wanawake walikuwa asilimia 25 tu ya watu wanaoonekana na kusikika katika habari, na redio hii haiwafichi wagombea wa kike kiasi hicho. Taarifa yake ya jioni, inayosomwa na mwandishi mwingine, huwataja wagombea wote kwa majina kamili na kueleza wanachoahidi, basi. Kwa hiyo naipa taarifa ya jioni alama zote, na kipindi cha asubuhi nusu. Anayetaka kuwajua wagombea wanaume akisikilize bila wasiwasi. Anayetaka kuwajua wanawake asubiri jioni, au aende mkutanoni akaulize mwenyewe.

Nimewaandikia wenye redio ombi moja tu, kwamba kila kiti kiwe na orodha yake ya maswali, na orodha hiyo isibadilike kwa sababu ya aliyekaa kwenye kiti cha mgeni. Kwa mwakilishi wa wanawake nimewapendekezea swali la kuanzia: hazina hiyo utaigawaje kati ya maeneo bunge saba ya Kilifi, na kikundi cha Marafa kitajuaje kwamba hakikupunjwa kwa ajili ya kikundi cha mjini?